Anza na kinachopotea kwanza: hotuba kwa wasaidizi wa kisheria na mawakili vijana, Morogoro

Ndugu mwenyekiti wa mafunzo, mawakili wenzangu, wasaidizi wa kisheria mliotoka Kilosa, Mvomero, Gairo na hapa mjini, habari za asubuhi. Nashukuru kwa kunialika. Nimeombwa nizungumzie namna ya kupanga uchunguzi pale mtu aliyeumia anapokuja kwako kudai fidia. Nitajikita kwenye ajali za barabarani, maana ndizo zinazotujazia mabenchi ya ofisi zetu, na ndizo zilizonileta mimi kwenye kazi hii.

Mwaka 1998 kaka yangu, fundi seremala, aligongwa na fuso lililobeba mkaa akiwa kwenye baiskeli anarudi nyumbani. Mkono wa kulia ulivunjika mara tatu na haukushika randa tena. Baba alisema neno ambalo mzazi yeyote angelisema: mgonjwa apone kwanza, mengine yatafuata. Tukauguza. Ukapita mwaka na miezi minane ndipo tukaenda kwa wakili, akafungua kesi, na kesi ilipoanza kusikilizwa tukagundua kwamba hatuna kitu. Barabara ilikuwa imewekwa lami upya. Fuso lilikuwa limenyooshwa bodi, limepigwa rangi na kuuzwa. Mama aliyekuwa akiuza uji pale, ambaye mtaa mzima ulisema aliona kila kitu, alikuwa amehamia Ifakara, na tulipompata akatusimulia ajali nyingine kabisa. Kilichobaki ni ramani ya trafiki iliyoonyesha fuso likiwa upande wake, na vipimo vyote vilianzia kwenye "mti". Barabara ile ina miembe kuanzia mwanzo mpaka mwisho.

Tulishindwa. Kwa miaka mingi nilimchukia yule hakimu. Nilipokuja kuwa wakili nikaomba jalada lile, nikalisoma lote kwa usiku mmoja, na nilipofika ukurasa wa mwisho nilikuwa nalia, kwa sababu niliona kwamba hakimu hakuwa na pa kushika. Aliamua kwa kile alichowekewa mezani. Ukweli tuliokuwa nao siku ya kwanza, barabarani, ulikuwa umekwisha kuondoka mmoja mmoja wakati sisi tunapika uji wa mgonjwa.

Ndiyo maana neno langu leo ni moja. Uchunguzi wa shauri la namna hii hupangwa kwa kuuliza: kipi kitapotea kwanza? Hicho ndicho kinachofuatwa leo. Kitakachokuwepo mwezi ujao kitangoja. Najua wengi tumefundishwa vingine. Tunaanza na PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, tunakwenda hospitali kuomba ripoti, tunaandika barua ya madai, na barabarani tunakwenda mwishoni, tena kama kuna nauli. Lakini jalada la hospitali lina namba na kabati lake. Alama ya matairi kwenye lami ina mvua moja tu.

Ukurasa wa kwanza wa jalada langu hauna kifungu hata kimoja cha sheria. Una safu nne nilizochora kwa rula. Ya kwanza, jambo ninalotakiwa kuthibitisha. Ya pili, nani au nini kinalijua jambo hilo. Ya tatu, kiko wapi. Ya nne, kitaondoka lini. Nikimaliza kujaza, ninapanga kazi kwa kufuata safu ya nne. Safu ya kwanza inatoka kwenye sheria yenyewe: kwamba dereva alikuwa na wajibu wa uangalifu, kwamba aliuvunja, kwamba kuumia kule kulitokana na kuvunja huko, na hasara ni kiasi gani. Anayedai ndiye anayethibitisha. Kwenye madai kipimo ni mizania: upande upi unaelekea kuwa kweli zaidi. Hatuhitaji kuondoa kila shaka kama kwenye jinai. Lakini mizania haishuki bila uzito.

Niwape shauri moja nililolifanya, bila majina. Mama mmoja muuza ndizi aligongwa na basi la mikoani kwenye kivuko cha waenda kwa miguu, kando ya barabara kuu iendayo Dodoma, jioni. Nyonga na paja. Dereva aliandika polisi kwamba mama alijitupa barabarani ghafla. Mtoto wa mama alikuja ofisini siku ya nne akiwa na PF3 mkononi na namba ya RB, ya taarifa iliyofunguliwa polisi, aliyoiandika kiganjani kwa kalamu. Siku ya nne! Nilitamani kumkumbatia.

Siku ya tano tulikuwa barabarani. Tulikwenda saa ileile ya ajali, saa 12 na robo jioni, na hili nalisisitiza, maana mchana tungeona barabara nyingine. Barabara pale inaelekea magharibi. Saa 12 na robo jua lilikuwa limekaa katikati ya kioo cha kila gari linalokuja. Kijana niliyekwenda naye akasema, "Wakili, hapa dereva atasema jua lilimpofusha." Nikamwambia akiandike. Jua likimpiga dereva machoni na mbele yake kuna kibao cha 50 na kibao cha kivuko, sababu ya kupunguza mwendo imeongezeka, haijapungua. Tukapiga picha vibao vyote viwili kutoka usawa wa macho ya dereva, na tulimwomba dereva wa lori lililoegeshwa pale aturuhusu tupande kwenye kiti chake. Rangi ya kivuko ilikuwa imefifia kidogo. Tukaipiga picha nayo, na baadaye tukaamua kwamba haikuwa chanzo, kwa sababu vibao vilionekana kwa mbali.

Hapo hapo niseme: barabara ina mwenyewe. Barabara kuu na za mikoa zinasimamiwa na TANROADS, za wilaya na mitaa na TARURA. Ukiona chanzo ni shimo, au daraja lisilo na kingo, unaelekea kuishitaki Serikali, na huko kuna notisi ya siku 90 kabla ya kufungua kesi. Ukilijua hilo mwaka wa tatu, umechelewa.

Sasa kamera. Mita chache kutoka kwenye kivuko kuna sheli, na juu ya pampu kuna kamera inayoangalia barabara. Kamera nyingi hazitunzi picha milele. Diski ikijaa zinaandika juu ya za zamani, nyingine baada ya wiki moja, nyingine mbili. Meneja alituambia ya kwake inafuta baada ya siku kumi. Tulikuwa na siku tano mkononi. Jioni ileile niliandika barua ya kuomba kumbukumbu zile zisifutwe, nikataja tarehe na saa, nikampelekea mwenyewe, akasaini nakala yangu. Kesho yake fundi wao akatutolea picha kwenye flashi. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaitaka mahakama ipime kama njia ya kutengeneza, kuhifadhi na kutoa kumbukumbu hizo inaaminika. Kwa hiyo fundi yule aliandika karatasi moja: mashine ni ya nani, yeye ana kazi gani pale, alinakili vipi, akamkabidhi nani. Na kitu kimoja ambacho watu wengi husahau: tuliweka simu mbele ya skrini tukalinganisha saa. Saa ya kamera ilikuwa mbele kwa dakika 11. Tusingeliandika hilo siku ile, wakili wa upande wa pili angeuliza swali moja tu na picha yetu ingekuwa ya basi jingine.

Kwenye picha hiyo mgongano wenyewe hauonekani, umezibwa na bango. Linaonekana basi likipita kati ya nguzo mbili za umeme kabla ya kivuko. Tukarudi na tepu ya kupimia: nguzo hadi nguzo, mita 48. Basi lilitumia sekunde 2. Hiyo ni mita 24 kwa sekunde, zaidi kidogo ya kilomita 86 kwa saa, mbele ya kibao cha 50. Hesabu hiyo ya kwetu haitoshi peke yake. Kamera ina pembe yake, na mtaalamu atatakiwa kuipitia. Lakini ilituonyesha tukatafute wapi. Mabasi ya mikoani yamefungwa mfumo wa LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, wa kufuatilia mwenendo wa magari, na mfumo huo unatunza mwendo wa basi njia nzima. Tukaandika barua ya kuomba kumbukumbu za siku ile zihifadhiwe. Mkiwa na shauri la basi, barua hiyo itoke ndani ya wiki ya kwanza, hata kama hamjui bado mtashitaki nani.

Mtaniuliza, wakili, wewe mwenyewe ulishika tepu? Sikushika. Nilisimama kando. Kila picha, kila kipimo, kila mazungumzo kitahitaji mtu wa kusimama kizimbani aseme "mimi ndiye niliyepima", na mimi siwezi kuwa wakili na shahidi katika kesi moja. Hapo ndipo nyinyi wasaidizi wa kisheria mna kazi ambayo wakili haiwezi. Kijana wangu alishika tepu, alipiga picha, aliandika daftari lake mwenyewe palepale akiwa amesimama, akaweka tarehe na saa, na vipimo vyake vilianzia kwenye nguzo yenye namba. Sitaki kuona tena neno "mti".

Mashahidi ni sehemu ninayoipenda na inayoniogopesha. Pale kivukoni kuna mama ntilie. Ndugu wa mgonjwa waliapa kwamba ameona mwanzo hadi mwisho. Tulimkuta anafunga, kijana wangu akamwamkia, "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, chapati zimekwisha." Akakaa, akamsaidia kubeba benchi, ndipo akasema, "Mama, siku ile ya ajali ulikuwa unafanya nini?" Hakusema kitu kingine. Mama akajibu: "Nilikuwa nageuza chapati. Nikasikia honi ndefu, ndefu kweli, halafu kishindo. Nilipoinua macho mwenzangu yuko chini, ndizi zimetawanyika."

Kwa hiyo hakuona mgongano. Tungemwuliza, "Basi lilikuwa linakimbia sana, siyo mama?" angetukubalia kwa huruma tu, na kizimbani angevunjika mbele ya watu, akaona aibu ambayo hakustahili. Tulipomwacha aseme la kwake akatupa kitu kikubwa kuliko tulichokuja kutafuta: honi ndefu kabla ya kishindo. Mtu anayepiga honi ndefu amekwisha kuona. Sasa kama dereva alimwona muuza ndizi yuko kwenye kivuko, kwa nini mkono ulikwenda kwenye honi kabla ya mguu kwenda kwenye breki? Swali hilo lilikuwa la kumwuliza dereva, na tulilipata kwa mtu ambaye hakuona chochote.

Maelezo ya shahidi yaandikwe kwa maneno yake. Akisema "kishindo" usiandike "mgongano". Msomee, akirekebisha acha rekebisho lionekane, asaini au aweke dole gumba. Chukua namba yake ya simu na namba ya mtu wa pili atakayejua amehamia wapi, kwa sababu laini hubadilishwa na vibanda huvunjwa. Nauli ya kuja mahakamani ni halali yake. Hela ya kusema unachotaka wewe, hapana, hata shilingi elfu tano ya soda.

Na muulizeni pia yule asiyewapenda. Bodaboda mmoja wa kijiwe cha jirani alisema mama alikuwa ameinama kuokota ndizi iliyoanguka katikati ya kivuko. Ndugu walikasirika, wakataka tumwache. Tulimwandika neno kwa neno. Upande wa pili wangempata tu, na mahakama inaweza kumpunguzia mdai fidia kwa kiasi alichochangia mwenyewe. Ni bora nilisikie jambo hilo kwenye benchi la kijiweni kuliko kulisikia kwa mara ya kwanza nikiwa nimevaa joho.

Gari lenyewe nalo hupotea, mnajua. Linatoka kituoni, linakwenda gereji, linarudi njiani. Ombeni mapema taarifa ya mkaguzi wa magari wa polisi na ramani ya ajali. Picha za breki, matairi na sehemu iliyobonyea zipigwe gari likiwa bado uwanjani polisi. Kadi ya gari inaweza kuwa na jina la mtu aliyeliuza zamani, kwa hiyo tafuteni pia leseni ya usafirishaji na nani anamlipa dereva mshahara, maana mwajiri huwajibika kwa kosa la dereva wake akiwa kazini. Bima ihakikiwe kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, kwa namba ya usajili. Bima ndogo, ile ya mtu wa tatu, inatosha kwa mtu wa nje ya gari, mradi kampuni ipewe taarifa ya kesi kwa wakati. Mkiikalia kimya mpaka hukumu, mtakuwa na hukumu ya kutundika ukutani. Na kama aliyeumia alikuwa kazini, tuseme ni utingo au konda, kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi: mwajiri hutakiwa kutoa taarifa ndani ya siku 7, na madai yasipite miezi 12.

Kesi ya trafiki dhidi ya dereva ifuatilieni bila kuingojea. Akipatikana na hatia na muda wa rufaa ukapita, hukumu ile inatusaidia sana kwenye madai. Wengi hukiri siku ya kwanza, wanalipa faini, wanaondoka, na jalada linaingia masjala. Awepo mtu wenu siku hiyo, aombe nakala iliyothibitishwa.

Sasa mfuko wa rambo. Kila mgonjwa anao. Mama yule alikuwa na wa bluu, chini ya mto wa kitanda cha wodini, na ndani kulikuwa na risiti za dawa, za bajaji, za magongo, za chakula cha binti aliyemwuguza. Nilizimwaga mezani. Nyingi zilikuwa za mashine ya EFD, na mnazijua: ukiziweka juani, au miezi tu ikipita, zinakuwa nyeupe pe! Tatu zilikuwa zimeanza kufutika, ya magongo ilikuwa imebaki tarehe na nusu ya kiasi. Mahakama ya Rufani ilikwisha kusema mwaka 1992 kwamba fidia mahususi, ile ya gharama kama hizi, lazima itajwe kwa kuchambuliwa na ithibitishwe. Hakimu hawezi kukupa pesa za karatasi nyeupe. Siku unayopewa mfuko ndiyo siku ya kuzitoa kopi zote na kuzipiga picha, na ile inayofutika urudi dukani waitoe upya. Bajaji asiye na risiti aandike kwa mkono wake, jina na simu.

Kipato cha muuza ndizi hakina hati ya mshahara. Watu wengi huishia hapo wakaandika "mjasiriamali mdogo" na kumwachia hakimu akisie. Sisi tulikwenda kwa mtu aliyekuwa akimuuzia mikungu kule Mgeta, ana daftari. Tukachukua kitabu cha VICOBA, kikundi chake cha kuweka na kukopa, hisa za kila wiki mpaka wiki ya ajali, halafu mistari mitupu. Tukachukua taarifa ya miamala ya simu yake kwa idhini yake ya maandishi, kwa maana tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 hatuna ruhusa ya kuchezea taarifa za mtu hata kama tunamtetea. Mistari ile mitupu ya VICOBA ndiyo iliyonigusa zaidi katika jalada lote.

PF3 ni mwanzo tu, imeandikwa usiku wa ajali na daktari mwenye foleni. Haisemi mama atatembeaje mwakani. Ombeni ripoti ya bingwa itakayotaja ulemavu wa kudumu na asilimia yake, lakini hiyo ingoje mfupa uunge. Wakati mnangoja, vidonda vipigwe picha kila wiki mbili, karibu na rula, kwa ridhaa ya mgonjwa na kwa heshima yake. Kidonda nacho ni ushahidi unaoondoka, na tunashukuru Mungu kwamba unaondoka.

Waambieni ndugu mapema kwamba mtu anaweza kuja wodini na fomu na bahasha, akiwa na maneno matamu. Wasisaini chochote kabla hamjasoma.

Muda wa kufungua shauri la madhara kama haya ni miaka 3. Ni muda mrefu kwa kufungua, na mfupi mno kwa kutafuta. Nami ninapanga kana kwamba nina siku 30.

Nimezungumza vya kutosha. Leo saa 11 na nusu jioni tukutane getini, tutakwenda kwa miguu mpaka kivuko kilicho karibu na stendi ya Msamvu. Tutakuwa wawili wawili, mmoja anauliza, mmoja anaandika. Kila jozi ije na daftari, kalamu mbili, tepu, na simu yenye chaji. Ajali hakuna, namshukuru Mungu, lakini kuna kamera nne zinazoiangalia barabara ile, na nataka kila jozi inirudishie ziko wapi, ni za nani, saa zake ziko mbele au nyuma kwa dakika ngapi, na zinafuta baada ya siku ngapi.